Mmea wa Dira: Mzizi Kwanza, Maua Baadaye

Katika mbuga za nyasi za katikati ya Marekani, kama vile Illinois na Iowa, huota mmea wa dira, kitaalamu Silphium laciniatum, wa jamii moja na alizeti. Ukikomaa, bua lake lenye maua ya manjano hufikia mita 3. Lakini wakulima wengi wa bustani huukatia tamaa mapema, kwa kuwa miaka ya mwanzo hutoa majani machache tu karibu na ardhi, bila ua hata moja.

Mmea huo haujadumaa. Unajenga mzizi mkuu unaoweza kuzama zaidi ya mita 3, na mzizi huo ndio unaouvusha wakati wa ukame na kuuchipusha upya baada ya moto wa mbuga. Ukishajikita, huishi miongo mingi.

Basi chagua mahali pa kudumu, penye jua kutwa na pasipotuama maji. Kuuhamisha mmea mkubwa ni kazi bure: Aldo Leopold, katika kitabu chake A Sand County Almanac cha 1949, anasimulia alivyochimba nusu saa bila kuufikia mwisho wa mzizi.

Mbegu huota vizuri zikipitia baridi na unyevu. Zipande nje kabla ya majira ya baridi, au zichanganye na mchanga wenye unyevunyevu na kuziweka kwenye friji kwa miezi miwili hivi. Mwaka wa kwanza palilia kwa bidii. Usitie mbolea, kwani rutuba ikizidi bua hurefuka kupita kiasi na kuanguka. Panda pembeni nyasi ndefu za asili ziliegemeze.

Palipo na jua la kutosha, majani ya chini husimama wima, kingo zikielekea kaskazini na kusini. Hivyo hupokea jua la asubuhi na la jioni, na kuepuka makali ya adhuhuri yanayopoteza maji.

Mbuga hizo karibu zote zimegeuzwa mashamba ya mahindi na soya. Kwa hiyo nunua mbegu kwa wazalishaji wa mimea ya asili, usizichume kwenye vipande vya mbuga vilivyosalia. Maua yakikauka, yaache yasimame: chiriku hula mbegu zake.