Kocha Huondoka, Mikataba Hubaki

Mwaka 2000 Sevilla ilikuwa imeshuka daraja, ina madeni, na haina fedha za kusajili mchezaji wa maana. Uongozi ukamkabidhi ukurugenzi wa michezo Ramón Rodríguez Verdejo, kipa wake aliyetundika glavu mwaka mmoja tu nyuma baada ya kutumia muda mwingi wa soka lake akiwa benchi. Hispania yote inamjua kwa jina moja: Monchi. Alitakiwa kuinua vijana wa akademi na kujenga mtandao wa skauti wa kutafuta vipaji ambavyo matajiri walikuwa bado hawajaviona.

Sevilla imetwaa Kombe la UEFA, ambalo siku hizi ni Europa League, mara saba: 2006, 2007, 2014, 2015, 2016, 2020 na 2023. Makocha waliolibeba ni wanne: Juande Ramos, Unai Emery, Julen Lopetegui na José Luis Mendilibar. Mkurugenzi wa michezo katika yote saba alikuwa Monchi. Ukitaka kujua kwa nini klabu ya soka inahitaji mtu wa namna hii, anzia hapo.

Kocha ana haki ya kufikiria Jumamosi ijayo. Akifungwa mechi nne mfululizo anaweza kufukuzwa, kwa hiyo anapoomba mchezaji huomba aliye tayari leo, anayemjua, mara nyingi aliyewahi kufanya naye kazi. Hilo si kosa lake. Lakini mchezaji akishasaini miaka minne au mitano, mkataba ule ni wa klabu. Kocha akiondoka baada ya miezi minane, mshahara unaendelea kulipwa na kocha mpya anakuta kikosi kilichoshonwa kwa vipimo vya mwenzake. Mkurugenzi wa michezo, au wa soka kama wengine wanavyomwita, amewekwa kuziba pengo hilo. Kocha huangalia mechi ijayo, naye huangalia misimu mitatu mbele: nani mkataba wake unaisha, nani umri umeanza kumtupa mkono, nani atauzwa, na nafasi yake atakuja nani.

Kule Sevilla kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Miezi ya mwanzo ya msimu, skauti waligawana ligi wakatazama mechi nyingi bila kulenga mchezaji fulani, na kila mwezi waliandika kikosi bora cha kila ligi. Ilipofika Desemba, majina yaliyojirudia ndiyo yaliyofuatiliwa kwa karibu: anachezaje nyumbani, anachezaje ugenini, anakuwaje akiwa na timu ya taifa. Kocha naye aliulizwa anataka mchezaji wa sifa gani. Akisema anataka beki wa kushoto mwenye kasi na krosi nzuri, mkurugenzi humletea majina kadhaa yanayofanana na maelezo hayo na kulingana na mfuko wa klabu. Kocha alitoa sifa, klabu ikatafuta jina.

Matunda yake yanajulikana. Dani Alves aliletwa kutoka Bahia ya Brazil akiwa kijana asiyejulikana Ulaya, na mwaka 2008 Barcelona ikatoa zaidi ya euro milioni 30 kumchukua. Ivan Rakitić alitoka Schalke kwa bei ya kutupa, akawa nahodha, kisha naye akaenda Barcelona. Carlos Bacca alinunuliwa kutoka Club Brugge mwaka 2013, akashinda Europa League mbili, na mwaka 2015 akauzwa AC Milan kwa euro milioni 30. Mashabiki walinung'unika kila nyota alipouzwa, lakini fedha za aliyeondoka ndizo zilizowaleta waliobeba kombe lililofuata.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kumpima mkurugenzi wa soka. Humhesabia aliowanunua. Kipimo chake kikubwa zaidi ni aliowauza: aliwauza lini, kwa bei gani, na je, mbadala alikuwa tayari?

Mfano mzuri ni Liverpool. Mwaka 2017 klabu ilitafuta winga, na kocha Jürgen Klopp alimtaka Mjerumani mwenzake Julian Brandt. Mkurugenzi wa michezo, Michael Edwards, pamoja na watu wake wa skauti na takwimu, walisimama na Mohamed Salah wa Roma. Salah alikuwa ameshashindwa kupata nafasi Chelsea, na wapo waliodhani Uingereza imemshinda. Klopp mwenyewe alisimulia baadaye jinsi watu wale walivyomganda masikioni mpaka akakubali. Salah akaja kwa takriban pauni milioni 37 na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 44 katika mashindano yote.

Januari 2018 Liverpool ikamuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona kwa dau lililotajwa kufikia pauni milioni 142. Mwezi huohuo Virgil van Dijk alikuwa ameshatua, na kiangazi kipa Alisson Becker akafuata. Mwaka 2019 Liverpool ilibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mwaka 2020 ikatwaa ubingwa wa England iliokuwa imeusubiri kwa miaka 30. Klopp alisifiwa, na alistahili, lakini kikosi kile hakikutoka kwenye kichwa cha mtu mmoja.

Roma iliyowauza Salah na Alisson ilikuwa na mkurugenzi gani? Monchi yuleyule, aliyehamia huko mwaka 2017. Alikuta klabu yenye hesabu za kubana, ikilazimika kuuza kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Roma ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2018, lakini fedha za mauzo ziliwaleta wachezaji kama Javier Pastore, ambaye majeraha hayakumpa nafasi ya kung'ara. Machi 2019 Monchi akaondoka. Hata aliporudi Sevilla hakuepuka makosa: kiangazi cha 2022 aliwauza Jules Koundé na Diego Carlos, mabeki wake wawili wa kati, katika dirisha moja. Timu ikayumba hadi ukingoni mwa kushuka daraja na ikapitia makocha watatu msimu huo, wa tatu akiwa Mendilibar, aliyeiokoa na kubeba kombe mbele ya Roma kule Budapest. Mkurugenzi akikosea, kosa lake hulipwa na timu nzima.

Na cheo bila mamlaka ni kazi bure. Manchester United ilimteua mkurugenzi wake wa kwanza wa soka, John Murtough, Machi 2021, ikiwa imeshawabadilisha makocha kadhaa tangu Sir Alex Ferguson astaafu mwaka 2013. Hata hivyo mwaka 2022 klabu hiyo ilitoa euro milioni 95 kumnunua Antony kutoka Ajax, winga aliyefundishwa hukohuko na kocha mpya wa United, Erik ten Hag. Oktoba 2024 Ten Hag akafukuzwa. Septemba 2025 Antony akauzwa moja kwa moja kwa Real Betis, kwa ada isiyofika theluthi ya ile ya kwanza. Katikati ya hayo United ilimsubiri mkurugenzi mpya wa michezo, Dan Ashworth, kwa miezi, ikavutana na Newcastle kuhusu fidia yake, akaanza kazi Julai 2024, na Desemba mwaka huohuo akaondoka. Miezi mitano haitoshi hata kumaliza mzunguko mmoja wa kazi ya skauti.

Tugeukie nyumbani Tanzania. Katika klabu zetu kubwa usajili kwa miaka mingi umekuwa mikononi mwa kamati, wafadhili, mawakala na shinikizo la mashabiki. Baada ya Simba kuchapwa 5-1 na Yanga Novemba 2023, kocha Robertinho alitimuliwa. Akaja Benchikha, akaondoka Aprili 2024. Juma Mgunda akashika usukani, na Julai Fadlu Davids akaanza upya na kikosi kilichojaa sura mpya. Kila kocha ana mfumo wake, na kila mfumo una wachezaji wake. Ni nani anayebaki na ramani ya kikosi wakati makocha wanapishana mlangoni?

Kwa Yanga, mwaka 2023 mshambuliaji Fiston Mayele aliuzwa Pyramids ya Misri baada ya kuibeba timu hadi fainali ya Kombe la Shirikisho. Ubingwa wa ligi ulibaki kwa Yanga msimu uliofuata, tena Stephane Aziz Ki akafunga mabao 21 akitokea kiungo. Lakini straika aliyeletwa kuziba pengo, Hafiz Konkoni, hakumaliza msimu, na dirisha dogo likatumika kumleta Joseph Guede. Orodha ya warithi wa mshambuliaji kama Mayele inapaswa kuandikwa yeye angali anafunga, si baada ya kupanda ndege.

Kuna pia suala la fedha. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji walioachwa bila kulipwa. Adhabu hiyo huzaliwa siku mkataba mrefu unaposainiwa bila mtu wa kuuliza: asipofaa, tutatokaje?

Klabu zetu zinaweza kumudu mtu mmoja mwenye jicho la soka na ujuzi wa mikataba, skauti wachache wa kutazama ligi za Kongo, Zambia, Ghana na Ivory Coast mwaka mzima, na kumbukumbu za maandishi zisizoondoka na kocha. Gharama yake ni ndogo kuliko kuvunja mikataba ya wageni kila dirisha. Apewe mkataba wa miaka mitatu, apewe bajeti inayojulikana, na kocha akubaliane naye kabla ya kusaini wake.

Na wewe shabiki, dirisha lijalo likifunguliwa na picha za wachezaji wapya zikaanza kumiminika mitandaoni, usiishie kuuliza ameletwa nani. Uliza ameletwa na nani, kwa mpango gani, na kama kocha akiondoka Desemba, bado klabu itamhitaji.