Karafuu, Mnara na Namba ya Siri: Pemba na Malipo Yasiyo ya Taslimu

Msimu wa karafuu unapowadia Pemba, fedha hutembea kisiwani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), ambako gunia hupimwa, daraja la karafuu hukaguliwa, na mkulima hulipwa kwa mkupuo mmoja. Njia ya pili haina ofisi wala mizani ya chuma. Jioni, wachumaji hukaa juu ya majamvi wakichambua karafuu na kuzitenga na makonyo, kisha kila mmoja hupimiwa pishi zake na kulipwa ujira wa siku ile ile. Fedha za namna hii ni ndogo ndogo, zinahitaji chenji, na hazingoji kesho, kwani nyingi kati yake huishia dukani usiku huo huo kwa mchele, sukari na mafuta ya taa.

Yeyote anayetaka kupima kama uchumi umekuwa tayari kuachana na noti na sarafu, hana budi kuzitazama njia hizi mbili kwa pamoja. Malipo ya kwanza ni rahisi kuyaingiza katika mashine. Mkulima mwenye gunia la kilo 50, ikichukuliwa kuwa kilo moja ni shilingi 14,000, anastahili shilingi 700,000, na ni salama zaidi kwake kurudi Konde au Kengeja bila ya bunda la noti mfukoni. Malipo ya pili ndiyo mtihani wenyewe.

Huduma za kutuma fedha kwa simu si ngeni tena katika Afrika ya Mashariki. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na mwaka uliofuata ikavuka mpaka kuingia Tanzania. Kwa Visiwani, kampuni ya Zantel ilianzisha Z-Pesa mwaka huo huo wa 2008, nayo baadaye ikabadilishwa jina ikawa EzyPesa. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa kisiwa chake yenyewe. Mwenye laini ya kampuni moja hakuweza kumtumia wa nyingine moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2014 kampuni zikaanza kufungamanishwa, na leo Benki Kuu ya Tanzania inao mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, uitwao TIPS, unaoziunganisha benki na kampuni za simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa mwaka 2015.

Salio ni kitu gani?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba fedha iliyotumwa kwa simu husafiri hewani kama sauti isafirivyo. Haisafiri. Kinachosafiri ni amri tu. Fedha zenyewe, yaani zile noti alizopokea wakala, huwakilishwa na amana iliyowekwa benki katika akaunti maalumu ya dhamana, na kampuni ya simu hairuhusiwi kuzitumia amana hizo kwa shughuli zake. Kwa kila shilingi ya salio lililoandikwa katika mashine za kampuni, sharti iwepo shilingi moja katika akaunti ile. Basi mtu wa Wete anapomtumia nduguye wa Mkoani shilingi 10,000, hakuna kinachohama isipokuwa maandishi: daftari moja kubwa hupunguza huku na kuongeza kule. Usalama wa malipo ya simu, kwa hivyo, ni usalama wa daftari. Ni nani anayeruhusiwa kuliandika, na daftari litajuaje kuwa aliyetoa amri ndiye mwenyewe?

Jibu la swali hilo lina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ile kadi ndogo ya plastiki ambayo watu huiita laini. Ndani yake mna ufunguo wa siri, yaani namba ndefu iliyoandikwa humo kiwandani, ambayo nakala yake huhifadhiwa na kampuni. Ufunguo huu haupelekwi hewani kamwe. Simu inapojitambulisha kwa mnara, mtandao huipa mtihani: huitumia namba ya kubahatisha. Kadi huichanganya namba hiyo na ufunguo wake kwa kanuni maalumu ya hesabu na kurudisha jibu. Mtandao nao hufanya hesabu ile ile upande wake, na majibu yakilingana, kadi hukubaliwa. Mwizi aliyelisikia swali na jibu hafaidiki, kwa kuwa swali la mara ijayo litakuwa jingine. Ufunguo huo una biti 128, maana yake ni kwamba uwezekano wake ni 2 kwa kipeo cha 128, namba yenye tarakimu 39. Kuubahatisha ni sawa na kutafuta chembe moja ya mchanga katika fukwe zote za dunia, na hata mfano huo ni hafifu.

Lakini kufuli ni imara kwa kadiri ya fundi aliyeitengeneza. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kanuni ya hesabu iliyotumika katika kadi nyingi za wakati ule ilikuwa dhaifu, hata ufunguo ukaweza kuchomolewa kutoka katika kadi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2009 watafiti huko Ujerumani walionyesha hadharani jinsi ya kuvunja fumbo la A5/1, ambalo ndilo lililofunika mazungumzo kati ya simu na mnara katika mitandao ya kizazi cha pili. Jambo hili linaihusu Pemba moja kwa moja. Wengi kisiwani hutumia simu ndogo za vitufe, na hufanya miamala kwa kubonyeza nyota, tarakimu kadhaa, kisha alama ya reli. Njia hiyo, ambayo wahandisi huiita USSD, hupita katika mitandao hiyo ya zamani, na ujumbe wake hufumbwa hadi kwenye mnara tu. Kutoka hapo hutegemea uaminifu wa kampuni na wafanyakazi wake. Njia hii ina sifa yake pia, nayo ni kufanya kazi katika simu ya bei nafuu kabisa bila ya intaneti. Kuwaambia wakulima waiache kabla ya kuwapatia nyingine itakuwa ni kuwafungia mlango.

Ngazi ya pili ni namba ya siri. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mfumo kwa kawaida hufunga akaunti baada ya majaribio matatu yaliyokosewa, na hivyo mwizi anayebahatisha ana nafasi 3 kati ya 10,000. Hesabu hiyo inatuliza moyo, ila inachukulia kwamba mwenye simu amechagua namba yake bila ya mpango. Watu hawafanyi hivyo. Wengi huchagua mwaka waliozaliwa, au aliozaliwa mtoto wao. Ikiwa mwizi anakisia kuwa namba ni mwaka kati ya 1950 na 2009, michanganyiko imebaki 60, na majaribio yake matatu yanampa nafasi 3 kati ya 60, yaani moja kati ya 20. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya hili kuwa zoezi la darasani bila ya mtu yeyote kutaja namba yake.

Hata hivyo, wezi wengi hawajisumbui na hesabu. Ujumbe unaojulikana Tanzania nzima huanza hivi: ile hela itume kwenye namba hii. Haumtaji mtu, haueleza hela ipi, na nguvu yake imo katika ukimya huo, kwa sababu kati ya maelfu wanaoupokea hakosekani mmoja ambaye kweli alikuwa njiani kumtumia mtu fedha. Hapo ufunguo wa biti 128 hausaidii kitu: kadi ni halali, namba ya siri ni sahihi, na amri imetolewa na mwenyewe kwa mkono wake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetenga namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa aina hiyo, na kwa kubonyeza *106# mtu anaweza kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Jambo hili la pili halina budi kufanywa mara kwa mara, kwani laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyejua ndiyo ngao ya tapeli.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikamilishwa kuwa sharti nchini mwezi wa Januari 2020. Kisayansi ni hatua yenye maana, ingawa ina kasoro ambayo haikusemwa sana. Alama za vidole ni matuta ya ngozi, na matuta hulika. Mama anayefunga mwani Micheweni, ambaye mikono yake hushinda katika maji ya chumvi na kamba, mponda kokoto, mzee aliyechuma karafuu miaka hamsini: hawa ndio ambao mashine huelekea kuwakataa. Na hawa hawa ndio wanaohitaji malipo yao zaidi. Serikali ya Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyefikia umri wa miaka 70, malipo yalikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi na yalitolewa taslimu, mkono kwa mkono. Kumhamisha mzee kama huyo kutoka foleni ya taslimu hadi kwenye simu kunampunguzia safari, lakini mara nyingi kunamfanya amtajie mjukuu au wakala namba yake ya siri. Hapo siri imekwisha. Kumlaumu mzee si haki. Mfumo uliobuniwa kwa mtu anayesoma maandishi madogo kwenye kioo kidogo ndio uliomfikisha hapo.

Umeme, minara na floti

Usalama ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni utayari, nao Pemba hutegemea waya. Kwa miaka mingi kisiwa kiliendeshwa na mitambo ya dizeli, mpaka mwaka 2010 ulipokamilika waya wa umeme wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, na waya uliomo humo haukaguliwi kwa ngazi na tochi. Wakaazi wa Unguja wanajua maana ya kutegemea waya mmoja: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa chao kilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Umeme ukikatika, mnara wa simu huishi kwa betri na jenereta. Betri ni za saa, jenereta ni za mafuta, na mafuta huja kwa meli.

Daftari nalo kwa kawaida huwa nje ya kisiwa, hivyo kila amri ya malipo hubidi ivuke bahari na jibu lake lirudi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadhoofika vibaya. Wenye kutegemea programu za simu kubwa waliliona pengo hilo mara moja. Kisiwa cha Puerto Rico kilipata somo zito zaidi Septemba 2017, pale kimbunga Maria kilipoangusha umeme na minara kwa pamoja; kadi za benki zikawa plastiki tupu, na noti zikalazimika kuletwa kwa ndege kutoka bara.

Kuna upungufu mwingine usiosababishwa na dhoruba, nao ni floti ya wakala. Wakala ana vyungu viwili, kimoja cha taslimu na kimoja cha salio, na kila mteja huhamisha kutoka kimoja hadi kingine. Katika msimu wa karafuu wateja wote huelekea upande mmoja: wakulima waliolipwa kwa simu wanataka noti, ili wawalipe wachumaji. Chungu cha taslimu hukauka kabla ya adhuhuri. Wakala wa Chake Chake anaweza kukimbilia benki, lakini wa kijiji cha ndani, ambaye benki kwake ni safari ya daladala, hufunga dirisha. Kwa mkulima, siku hiyo salio lake ni hesabu sahihi isiyonunua kitu, labda mchumaji naye akubali kulipwa kwa simu, na muuza duka akubali kupokea kwa simu, na makato ya kila hatua yasiule ujira wa pishi. Kwa muamala wa shilingi 700,000 makato hayaonekani sana. Kwa ujira wa siku moja, yanaonekana.

Wahandisi duniani wanatafuta njia ya kulipa bila ya mtandao, ambapo simu mbili zitapeana thamani ana kwa ana hata mnara ukiwa umezimika. Ugumu wake ni wa zamani. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua hazina ya karne ya 11 yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 na chache za dhahabu, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa mwambao huu. Sarafu ile haikuhitaji daftari, kwa kuwa ikiwa mkononi mwa mmoja haiwezi kuwa mkononi mwa mwingine. Namba, kinyume chake, hunakiliwa bila ya gharama, na mtu asiye mwaminifu aweza kulipa kwa salio lile lile katika maduka mawili kabla mnara haujawaka na daftari kugundua. Baadhi ya majaribio huweka kikomo kidogo cha kiasi kinacholipwa kwa njia hiyo, na huificha thamani ndani ya kadi ambayo mwenyewe hawezi kuifungua wala kuiandika. Kikomo kiwe kiasi gani, na hasara ya shilingi zilizolipwa mara mbili ibebwe na nani kati ya muuza duka, kampuni na benki, ni mambo ambayo bado yanabishaniwa.