Jino la paka na hesabu ya nyumba

Nyumba nyingi za Waislamu katika mwambao wetu hazikosi paka. Aghalabu hakuna aliyemnunua. Aliingia siku moja kwa mlango wa uani, akapewa kichwa cha samaki, akawa wa nyumbani. Kwa kuwa aliingia bila gharama, tumezoea kudhani kuwa ataishi nasi bila gharama. Dhana hiyo ndiyo iliyotukuta hatujajiandaa.

Paka wetu, jike la miaka minane, alianza kwa kuacha chakula chake. Alikinusa, akang'ata kipande, kisha akakitema na kurudi nyuma kana kwamba kimemchoma. Sisi wakubwa tulisema amedeka. Binti yetu wa miaka tisa ndiye aliyebaini kwamba anatafuna kwa upande mmoja tu na kwamba mdomo wake unanuka. "Baba, paka haringi," alituambia. "Anaumwa."

Daktari wa mifugo alimfunua midomo mbele yetu. Ufizi ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, magego yamefunikwa na ukoga mgumu wa rangi ya kahawia, na jino moja limelika hadi usawa wa ufizi. Kisha akatuandikia gharama. Kiasi kile kilizidi matumizi yetu ya sokoni kwa wiki tatu.

Jioni ile nyumba iligawanyika. Bibi yao watoto aliuliza iwapo si israfu kutoa fedha zote hizo kwa ajili ya meno ya paka ilhali ada za shule zinakaribia. Binti yetu hakujibu; alimpakata tu. Swali la bibi lilikuwa la haki, nasi tuliona halijibiki kabla ya kujua fedha hizo zinalipia nini hasa.

Fedha zinalipia nini?

Mtu akienda kwa daktari wa meno huketi na kupanua mdomo. Paka hawezi kuombwa hivyo, kwa hiyo hana budi kulazwa kwa nusukaputi, na hapo ndipo penye sehemu kubwa ya gharama. Kabla ya kulazwa hupimwa damu, ijulikane iwapo figo na ini lake vitaistahimili dawa. Akishalala, huwekewa mrija kooni ili apate hewa na ili maji na uchafu visimwingie mapafuni. Tangu hapo hadi anapozinduka, mtu hukaa akiangalia mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili wake.

Baada ya hapo huja eksirei. Paka mzima ana meno 30, na maradhi mengi ya meno yake hujificha kwenye mizizi iliyomo ndani ya taya. Daktari husafisha ukoga juu ya ufizi na chini yake, kisha huyasugua meno yawe laini ili uchafu usishike upesi. Jino lililolika kwa ndani kwa kawaida haliwekewi kiraka, hung'olewa. Gego lenye mizizi zaidi ya mmoja hukatwa vipande, kila mzizi ukatolewa peke yake, na ufizi ukashonwa. Hiyo ni operesheni kamili.

Hata Marekani, ambako zana si haba, kazi hii hugharimu mamia ya dola, na meno kadhaa yakihitaji kung'olewa gharama yaweza kupita dola 1,000. Kwetu, madaktari wenye vifaa vya meno ya paka ni wachache, na wengi wao wako mijini. Anayejitokeza kusafisha meno ya paka akiwa macho, kwa bei nafuu, hukwangua yale yanayoonekana tu. Maradhi yaliyo chini ya ufizi huyaacha palepale, na mwenye paka hurudi nyumbani akidhani amekwisha kutibu.

Je, ni israfu?

Dini yetu haikumwacha paka bila hifadhi. Mtume (s.a.w.) alitupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Na imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada alikiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, mkwewe, Kabsha, alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi. Kwa hiyo wanazuoni wa fiqhi wakaeleza kuwa nafaka ya mnyama ni wajibu wa mwenye kumfuga.

Lakini nafaka ya wake, watoto na wazazi hutangulia. Hatuandiki haya ili mtu akope au aache kulipa ada za watoto kwa ajili ya paka. Tunachosema ni kwamba israfu ni kutoa pasipo haja, na kuondoa maumivu ya kiumbe kilicho chini ya mikono yetu ni haja. Kung'arisha meno kwa ajili ya urembo ni jambo jingine.

Tulirudi kwa daktari tukamweleza ukweli wa mfuko wetu. Hakutucheka. Alitueleza kipi hakingojei na kipi chaweza kungoja: jino lililolika ling'olewe, ukoga uondolewe katika usingizi huohuo ili tusilipie nusukaputi mara mbili, na malipo yagawanywe kwa miezi mitatu. Tungalinyamaza kwa haya, tungalimwacha paka na maumivu yake.

Wengine hawapati hata nafasi hiyo. Tunawaomba wasifanye mambo mawili. La kwanza, wasimpe paka panadol. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo, na hata kidonge kimoja chaweza kumuua. La pili, wasimpeleke kumtupa sokoni. Paka asiyeweza kutafuna hawezi kujitafutia. Apewe chakula laini huku ushauri wa daktari ukitafutwa.

Usipoziba ufa

Gharama hizi kwa sehemu kubwa hutokana na kuchelewa. Ukoga huanza ukiwa laini, na katika siku chache huanza kuwa mgumu kama jiwe. Sisi tuliohimizwa kupiga mswaki kila tunaposimama kwa sala hatuna sababu ya kulisahau hilo. Kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni, au mswaki mdogo wa mtoto, chatosha kumsugua paka upande wa nje wa meno kila siku. Azoeshwe akiwa mdogo na taratibu. Asipakwe dawa ya meno ya watu, kwani yeye huimeza. Akishaanza kuvimba ufizi au kulika jino, asisuguliwe, bali apelekwe kwa daktari. Kila mwaka, anapopelekwa kuchanjwa kichaa cha mbwa, daktari aombwe amtazame kinywani.

Na kiwepo kibubu. Chenji ya dukani ikitiwa humo kila siku, siku ya jino haitakuta nyumba mikono mitupu.

Paka wetu aling'olewa meno matatu. Siku ya nne alimaliza sahani ya samaki waliopondwa, akajilamba manyoya yake, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nyingi. Bibi alimtazama kwa muda. Asubuhi iliyofuata, kabla ya yeyote kuamka, alikuwa wa kwanza kutia sarafu kibubuni.

Wallahu a'lam.