Je, Wajua? Kamera Hununuliwa, Picha Haina Duka

Mtu akipoteza kamera, wengi humpa pole kwa kuuliza bei. Mwenyewe mara nyingi analilia kitu kingine: picha za harusi ya dada yake, za mtoto akianza kutambaa, za babu ambaye hayupo tena. Safu ya leo inakusanya visa vya kweli vya kamera na mali nyingine zilizopotea, zilizoachwa na zilizookotwa, pamoja na mambo machache yatakayokusaidia kulinda zako.

MWEZINI NA ANGANI

Je, wajua kwamba kuna kamera 12 za Hasselblad zilizobaki Mwezini? Wanaanga wa safari za Apollo, kati ya 1969 na 1972, walilazimika kupunguza mzigo ili wapate nafasi ya kubeba mawe na udongo wa Mwezi. Walichomoa vikasha vya filamu na kurudi navyo duniani. Kamera zenyewe wakaziacha huko huko.

Je, wajua kwamba Julai 1966, katika safari ya Gemini 10, mwanaanga Michael Collins alitoka nje ya chombo na kamera ikamponyoka? Kule juu hakuna sakafu ya kuangukia kitu. Ilielea ikaenda zake, na filamu iliyokuwa ndani ikaenda nayo.

Je, wajua kwamba Novemba 2008 Heidemarie Stefanyshyn-Piper alipoteza begi zima la zana nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga? Grisi ilikuwa imevuja ndani ya begi, na alipokuwa akiifuta, begi likajiondokea. Thamani yake ilikuwa takriban dola 100,000 za Marekani. Lilizunguka dunia hadi Agosti 2009, lilipoungua likiingia kwenye angahewa. Novemba 2023 begi jingine la zana liliponyoka kituoni hapo, na watu wakaweza kuliona kutoka ardhini kwa darubini za mkononi.

Je, wajua kwamba kanda asilia za matangazo ya watu wa kwanza kutua Mwezini hazipo? Mwaka 2009 NASA ilitoa taarifa ya uchunguzi wake: yaelekea kanda hizo zilifutwa na kutumiwa upya wakati kanda zilipokuwa adimu. Tunachokitazama leo kimetoka kwenye nakala zilizobaki katika vituo vya televisheni. Nakala ndiyo iliyookoa historia.

BARAFUNI

Je, wajua kwamba filamu iliwahi kulala kwenye barafu miaka 33 na bado ikatoa picha? Julai 1897 Waswidi watatu, Andrée, Strindberg na Frænkel, walipaa kwa puto kutoka visiwa vya Svalbard wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Siku tatu baadaye puto lilikuwa chini. Walitembea juu ya barafu kwa wiki nyingi na wote watatu wakafa. Mabaki yao yalipatikana mwaka 1930 katika Kisiwa Cheupe, Kvitøya, na kando yao filamu za Strindberg. Huko Stockholm fundi John Hertzberg alizisafisha kwa uangalifu mkubwa, akaokoa picha 93. Katika mojawapo, wanaume wawili wamesimama wakilitazama puto lao lililolala ubavu barafuni. Kama si filamu ile, hakuna ambaye angeiona siku hiyo.

Je, wajua kwamba mpiga picha Frank Hurley alivunja picha zake kwa mkono wake mwenyewe? Mwaka 1915 meli ya Endurance ilibanwa na barafu karibu na bara la Antaktika. Hurley alijitosa kwenye maji ya barafu ndani ya meli iliyokuwa ikizama, akatoa makasha ya negativu za vioo. Lakini safari ya kujiokoa haikuruhusu mzigo mzito. Yeye na kiongozi wake, Ernest Shackleton, walikaa juu ya barafu wakazipitia moja moja. Walibakiza kama 120, na kama 400 zikavunjwa papo hapo, ili asije akashawishika kuzirudia. Kamera zake kubwa aliziacha, akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni na roli tatu za filamu. Picha tunazozijua za safari ile zimetokana na uamuzi huo mchungu.

Je, wajua kwamba barafu nayo husafiri na mizigo ya watu? Mwaka 1937 Bradford Washburn na Robert Bates waliacha kamera na vifaa kwenye barafuto ya Walsh huko Yukon, Kanada, ili waweze kutoka salama. Timu iliyokwenda kuvitafuta mwaka 2022 haikuvikuta pale vilipoachwa. Mtaalamu wa barafu Dorota Medrzycka alikokotoa mwendo wa barafu kwa miaka 85, na vifaa vikapatikana takriban kilomita 20 kutoka mahali pa awali. Miongoni mwake ilikuwemo kamera ya Fairchild ya kupigia picha kutoka angani.

Je, wajua kwamba huenda kamera moja ndogo ikajibu swali la miaka 100? Juni 1924 George Mallory na Andrew Irvine walipotea wakipanda Everest, isijulikane kama walifika kileleni, na inaaminika walikuwa na Kodak ya mfukoni. Mwili wa Mallory ulipatikana 1999, kamera haikuwepo. Septemba 2024 timu ya Jimmy Chin ilikuta kwenye barafu buti lenye mguu ndani yake. Kwenye soksi kulikuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa kwa nyuzi nyekundu: A.C. IRVINE. Soksi iliyoandikwa jina ilimtaja mwenyewe baada ya miaka mia. Kamera bado inatafutwa.

MASANDUKU NA MABEGI

Je, wajua kwamba negativu 4,500 za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania zilipotea karibu miaka 70? Zilikuwa za Robert Capa, Gerda Taro na David Seymour. Wajerumani walipoikaribia Paris, rafiki yao Csiki Weisz alizipakia kwenye begi, akapanda baiskeli kuelekea Bordeaux na kumkabidhi mtu azifikishe salama. Hazikuonekana tena. Baadaye ikajulikana kwamba zilifika Meksiko, katika mali ya jenerali aliyewahi kuwa balozi Ufaransa. Desemba 2007 masanduku matatu madogo yalitua New York. Kila roli ilikuwa kwenye chumba chake, na kwenye vifuniko kulichorwa miraba iliyoandikwa kwa mkono nini kiko wapi. Capa alikwisha kufa mwaka 1954, na Taro mwaka 1937. Mdogo wake Capa, Cornell, aliwahi kuziona.

Je, wajua kwamba kazi za Vivian Maier, yaya aliyepiga picha za mitaa ya Chicago na New York, zilipigwa mnada kwa sababu ya kodi ya stoo isiyolipwa? Ilikuwa mwaka 2007. Alipiga zaidi ya picha 100,000 na karibu hakumwonyesha mtu. Alifariki 2009 kabla ulimwengu haujamjua.

Je, wajua kwamba T.E. Lawrence alipoteza muswada wa kitabu chake katika stesheni ya reli ya Reading, Uingereza, mwaka 1919, akalazimika kukiandika upya? Na kwamba mwaka 1922, huko Gare de Lyon, Paris, sanduku lenye maandishi ya Ernest Hemingway liliibwa mkewe alipokuwa akisafiri nalo?

WAOKOTAJI WEMA

Je, wajua kwamba kamera iliyopotea baharini Japani mwaka 2015 iliokotwa na watoto wa shule ufukweni Taiwan mwaka 2018? Kasha lake la kuzuia maji lilikuwa limeota vigamba vya viumbe wa baharini kila upande. Walipolifungua, ndani palikuwa pakavu na betri bado ilikuwa na chaji. Picha zilizokuwemo ndizo zilizomtambulisha mwenye mali.

Je, wajua kwamba risiti ya teksi iliwahi kuokoa cello ya dola milioni 2.5? Oktoba 1999 mwanamuziki Yo-Yo Ma alisahau kwenye buti la teksi ya New York cello yake iliyotengenezwa mwaka 1733. Alikuwa ameitunza risiti, polisi wakaifuatilia teksi, na jioni ile ile akapiga muziki wake jukwaani.

Je, wajua kwamba pochi yenye pesa hurudishwa zaidi kuliko tupu? Watafiti walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 za "kuokotwa" katika nchi 40, Kenya ikiwemo, na kuchapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2019. Kwa wastani, pochi zisizo na pesa ziliripotiwa kwa asilimia 40, zenye pesa asilimia 51. Kila pochi ilikuwa na kadi yenye jina na anwani ya kumpata mwenyewe.

Je, wajua kwamba ofisi ya vitu vilivyookotwa ya Paris ilianzishwa mwaka 1805, na kwamba polisi wa Tokyo hupokea vitu milioni 4 na zaidi kwa mwaka? Sheria ya Japani humpa mwokotaji haki ya kifuta jasho cha kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani.

Je, wajua kwamba fiqhi ya Kiislamu ina mlango mzima wa kitu cha kuokota? Mwokotaji anaagizwa akitambue vizuri chombo na kamba iliyofungiwa, kisha atangaze mwaka mzima. Anayekuja kudai atajulikana kwa kuzitaja alama zake.

KABLA HAIJAPOTEA

Je, wajua kwamba kulitamka jina la kitu unachokitafuta husaidia kukiona upesi? Majaribio ya Gary Lupyan na Daniel Swingley, 2012, yalionyesha hivyo. Na majaribio ya Gabriel Radvansky, 2011, yalionyesha kwamba kupita mlangoni tu hutusahaulisha tulichokuwa tumekishika akilini. Kwa hiyo usihesabu vifaa ukiwa kwenye gari. Hesabu kabla hujatoka ukumbini ulikopiga picha.

Je, wajua kwamba ukifuta picha kwa bahati mbaya, mara nyingi bado zimo kwenye memori kadi mpaka zifunikwe na nyingine? Acha kuitumia kadi hiyo mara moja, uipeleke kwa fundi au utumie programu ya kuzirudisha.

Je, wajua kwamba kamera nyingi huandika namba yao ya utambulisho ndani ya kila picha? Namba hiyo hiyo huwa chini ya kamera. Kwa simu, bonyeza *#06# upate tarakimu 15 za IMEI. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walisema kweli: bila namba hizo, utawaeleza nini polisi?

Je, wajua kwamba kwa Mkataba wa Montreal, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, mzigo ulioharibika katika safari ya kimataifa hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokufikia, na usiofika baada ya siku 21 huhesabiwa umepotea? Ukomo wa fidia, tangu mwisho wa 2024, ni kama dola 2,000 za Marekani, na lenzi moja nzuri inaweza kuimaliza. Kamera na lenzi ziende nawe ndani ya ndege. Betri za akiba za lithiamu ni lazima ziende nawe, kwa sababu ya hatari ya moto.

Basi, ndugu msomaji, fanya mambo matatu leo. Andika jina lako na namba ya simu kwenye karatasi, ipige picha, uiache iwe picha ya kwanza katika kila kadi. Nakili namba za vifaa vyako kwenye daftari. Weka nakala ya picha zako mahali pengine pasipo kamera. Na ukiokota cha mwenzako, fungua picha moja tu, umtafute mwenyewe.