Madini na watu wake (5): Nyumbani kwa wavumbuzi wa chuma

Habari za kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga kinachokusudiwa kujengwa Buzwagi, hapa Kahama, zimerudi vinywani mwa watu. Leseni yake ilitolewa Machi 2024. Hapa Segese, kwenye maduara ya wachimbaji na kwenye karasha za kusagia mawe, wengi bado wanauliza kama Mtanzania ataiweza teknolojia hiyo. Swali hilo huniudhi, nami humwambia anayeliuliza aende Katuruka.

Katuruka ni kijiji cha mkoani Kagera, upande wa Maruku, si mbali na mji wa Bukoba. Ndiko ilikokuwa ikulu ya Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara katika karne ya 17. Wahaya husimulia kwamba aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma apate kuona mbinguni kukoje, nao ukaanguka. Wengi wetu tungecheka, tukaendelea na safari. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee. Wakamwonyesha mahali pa mti wa Kaiija, na mwaka 1970 akachimba. Chini yake alikuta mabaki ya uhunzi wa zaidi ya miaka 2,000. Kumbe mfalme alijenga juu ya kiwanda cha watu waliomtangulia kwa karne nyingi! Leo wenyeji wanawatembeza wageni pale. Shule zetu hupeleka watoto kutazama twiga, jambo jema, lakini twiga hakuvumbua kitu.

Jirani yake, Kemondo, mambo ni makubwa zaidi. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa pale waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru, hivyo pumzi ya mivukuto ikapashwa moto kabla ya kukutana na makaa. Walikadiria joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wapo wataalamu wanaoipinga hesabu hiyo, na wana hoja. Asiyebishiwa na yeyote ni mhunzi mwenyewe, maana chuma chake kipo. Mskoti James Neilson alipata hataza ya kupasha hewa ya tanuru mwaka 1828, na jina lake limo vitabuni. La mhunzi wa Kemondo halimo popote.

Wala tusidhani huo ni urithi wa Wahaya peke yao. Warongo, ambao tanuru lao tulilieleza katika sehemu zilizopita, walifanya kazi katika misitu ya Geita na Uzinza. Hawakuwa kabila moja. Kazi na miiko ndiyo iliyowaunganisha, ukiwemo mwiko wa kujitenga na wake zao tanuru likiwaka. Habari za uyeyushaji chuma wa wilaya hii hii ya Kahama zilichapishwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1943. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yaliyouzwa kwa bei rahisi, ndiyo yaliyozima matanuru. Akili ya mhunzi haikupungukiwa na kitu.

Baada ya hapo tukazoea kusafirisha. Hadi Machi 2017 serikali ilipozuia, makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yalipakiwa kwenye makontena yakaenda kuyeyushwa ng'ambo, kutoka katika nchi iliyoyeyusha madini kabla Yesu hajazaliwa. Kiwanda cha Buzwagi kikijengwa, vijana wetu wawe kwenye tanuru, si getini tu. Hayo ya mitaji na ajira tutayachambua toleo lijalo.

Kwa sasa nina ombi kwa wachimbaji wa Segese, Bugarama na Geita. Mkikuta mavi ya chuma au vipande vya mirija ya udongo, msivitupe kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Viacheni vilivyo, mkamwite ofisa utamaduni wa halmashauri.