Nilihama benki, deni likanifuata

Nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu jambo lililonifika, maana naamini siko peke yangu.

Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja hapa Morogoro. Kwa miaka mingi mshahara wangu ulipitia benki moja ambayo sitaitaja. Mwaka 2021 nilichoshwa na foleni zake, nikafungua akaunti katika benki nyingine iliyo karibu na kazini na kumpelekea mhasibu wetu namba mpya. Ile akaunti ya zamani sikuifunga. Niliiacha tu, kama mtu anavyoacha koti kuukuu msumarini.

Nilichosahau ni kwamba nilikuwa na mkopo mdogo wa dharura uliobakiza marejesho mawili. Mtumishi wa Serikali kwa kawaida hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujafika benki. Mimi nilikuwa nikikatwa ndani ya akaunti yenyewe. Mshahara ulipohama, benki ikawa inatia mkono katika mfuko mtupu. Ada ya kila mwezi ikala vishilingi vilivyobaki, na riba na faini zikapanda juu ya deni. Namba ya simu niliyoiandikisha pale nilikuwa nimekwisha ibadilisha, kwa hiyo hata kama walinitafuta hawakunipata. Hilo nakiri ni kosa langu.

Mwaka jana nilikwenda benki mpya kuomba shilingi milioni nne za mbao na bati, kwani boma langu limesimama bila paa tangu zamani. Afisa mikopo akatazama kompyuta yake, akaniambia, "Mzee, hapa unaonekana una mkopo chechefu." Nilidhani amenifananisha na mtu mwingine!

Kumbe, Ndugu Mhariri, chini ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni zilizotolewa mwaka 2012, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Makampuni yenye leseni hutumia taarifa hizo kuandaa ripoti ya mkopaji. Taarifa hizi humfuata mtu, hazifuati akaunti. Kuhama kwenyewe si kosa na hakukuniharibia jina. Kilichoniharibia ni kile nilichokiacha nyuma nikidhani nimekwisha ondoka.

Wenzetu wa Uingereza tangu Septemba 2013 wana mpango ambao mtu akihama, benki mpya huhamisha malipo yake yote ya kila mwezi kwa siku saba za kazi, na akaunti ya zamani hufungwa. Lakini hata huko deni la akaunti halisamehewi, na mtu anayeomba akaunti mpya tatu nne kwa mfululizo huacha alama katika kumbukumbu zake, wakopeshaji wakaanza kumtilia mashaka. Kwetu mpango wa namna hiyo sikuuona. Kila kitu nilikihamisha mwenyewe kwa miguu, na kimoja kikanidondoka njiani.

Deni lilikuwa shilingi 86,000 nilipohama. Nililipa 214,000. Nikapewa barua yenye mhuri kuthibitisha kwamba sidaiwi, na safari hii akaunti nimeifunga kwa maandishi na nakala ninayo. Huu ni mwezi wa tatu. Kila nikienda benki mpya naambiwa ripoti bado inaonyesha nadaiwa. Nikirudi ile ya zamani naambiwa taarifa zimekwisha pelekwa, nisubiri. Kumbuka kwamba kila safari ni ruhusa ya kuomba kwa msimamizi.

Deni lilipochelewa, habari zilisafiri haraka. Je, kwa nini habari ya kulipa inatembea kwa mkongojo? Na mteja ambaye mshahara wake umekoma ghafla kuingia huku bado ana mkopo, haiwezekani benki ikamwandikia hata kupitia kwa mwajiri wake, ambaye anwani yake inajulikana?

Nawaomba wanaohusika wanijibu katika ukurasa huu huu. Mvua za vuli ziko karibu, na bati zangu bado ziko dukani.

Fundi Mitambo,
Morogoro.