Usalama na Haki katika Mitihani ya Kompyuta

1. Utangulizi

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga madarasa karibu duniani kote, mtihani unaofanywa kwa kompyuta na kupitia intaneti umekuwa jambo la kawaida katika nchi nyingi. Wengi wetu tunaolisoma jarida hili ni walimu wa vyuo, wajumbe wa bodi za shule, au walezi wa wanafunzi wanaosoma kwa masafa. Kwa hiyo swali hili litatufikia, kama halijatufikia bado: mtihani wa namna hiyo waweza kuaminiwa? Na anayetuhumiwa kuwa amedanganya katika mtihani huo, atahukumiwa kwa ushahidi gani?

Shabaha ya makala haya ni kueleza njia zinazotumika kuulinda mtihani wa kompyuta, na kuonyesha kwamba ulinzi ulio bora ni ule unaopangwa kabla ya mtihani kuanza. Aidha tutaona kwamba usalama na haki ni mambo yanayokwenda pamoja. Mtihani unaompitisha mdanganyifu hausemi kweli juu ya elimu yake. Na mtihani unaomwangusha mwaminifu kwa sababu umeme ulikatika, huo nao hausemi kweli.

2. Mambo matatu yanayolindwa

Katika mtihani wa karatasi kila mwalimu anajua analinda nini. Maswali husafirishwa katika bahasha zilizofungwa, bahasha hufunguliwa mbele ya watahiniwa, na msimamizi hupita kati ya madawati. Kompyuta haikuziondoa kazi hizo, ila imebadili namna ya kuzifanya.

Jambo la kwanza linalolindwa ni siri ya maswali. Katika kompyuta, maswali hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na ufunguo huo hutolewa saa ya kuanza tu. Tena huandaliwa benki kubwa ya maswali, ili kila mtahiniwa apate mchanganyiko wake. Jambo la pili ni utambulisho, yaani kuhakikisha kwamba anayejibu ndiye aliyesajiliwa. Neno la siri peke yake halitoshi, kwa maana mtu aweza kumpa mwenzake. Hutakiwa pia kitambulisho chenye picha, na mtu wa kukitazama. Jambo la tatu ni hali ya kufanyia mtihani: wote wawe na muda ule ule na vifaa vinavyolingana, wala asiwepo anayesaidiwa kwa siri. Kwa ajili hiyo hutumika programu inayoifunga kompyuta isifungue kitu kingine mpaka mtihani uishe, pamoja na msimamizi aliyepo chumbani.

Pale msimamizi anapokosekana, wengine wameweka mahali pake kamera na programu za upelelezi. Hapo ndipo yalipozuka matatizo makubwa, nasi tutayarudia katika sehemu ya tano.

3. Ulinzi uliojengwa ndani ya mtihani

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni mtihani wa SAT, ambao vijana wengi wa Marekani huufanya mwishoni mwa masomo ya sekondari wanapotafuta nafasi ya chuo, na ambao hufanywa pia katika nchi nyingine nyingi. Ulipokuwa wa karatasi, udhaifu wake ulikuwa kwamba kitabu kimoja cha maswali kilitumiwa na umati wa watu, tena mara nyingine kilirudiwa. Mwezi Agosti 2018 iliripotiwa kwamba watahiniwa wa Marekani walipewa maswali yaliyokwisha kutumika Asia mwezi Oktoba 2017, na ambayo nakala zake zilikuwa zimeshaenea.

College Board, shirika linaloutoa mtihani huo, liliuhamishia kwenye kompyuta nje ya Marekani mwezi Machi 2023, na ndani ya Marekani mwezi Machi 2024. Sasa huchukua saa 2 na dakika 14. Kila somo limegawanywa katika mafungu mawili, na ugumu wa fungu la pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyojibu fungu la kwanza. Wawili walioketi jirani hawapati maswali yanayofanana kwa mpangilio, hata kuchungulia kukakosa faida. Hakuna aliyewekewa kamera usoni. Udanganyifu umepunguzwa kwa jinsi mtihani ulivyotungwa.

Yako mambo mengine mawili ya kuzingatia. Mosi, mtihani huu hufanywa katika shule au kituo maalumu, mbele ya wasimamizi. Pili, intaneti huhitajika wakati wa kuanza na wakati wa kupeleka majibu. Ikikatika katikati, mtahiniwa huendelea na kazi yake, na majibu hutunzwa ndani ya kompyuta. Asiye na kompyuta aweza kuomba kuazimwa mapema. Kwa utaratibu huo, anayeulinda mtihani anamlinda na mtahiniwa pia. Hata hivyo, benki ya maswali yaweza kuibwa kidogo kidogo na watu wenye kumbukumbu nzuri. Kwa hiyo lazima ijazwe mara kwa mara, nayo ni kazi yenye gharama.

4. Mfumo unaposhindwa

Mwezi Mei 2020 shirika hilohilo lililazimika kuendesha mitihani yake ya AP, ambayo ni ya masomo ya ngazi ya juu ya sekondari, wanafunzi wakiwa nyumbani. Mitihani mingi ilikuwa ya dakika 45, na vitabu viliruhusiwa. Ili maswali yasipite kutoka nchi za mashariki hadi za magharibi, wote waliufanya kwa wakati mmoja duniani kote. Siri ililindwa, lakini wanafunzi wa Asia walijikuta wakifanya mtihani usiku wa manane. Isitoshe, wako waliomaliza kazi yao wakashindwa kuipeleka, baadhi yao kwa sababu simu zao zilihifadhi picha kwa namna ambayo mfumo haukuipokea. Hao wa wiki ya kwanza waliambiwa warudie mwezi Juni. Njia ya akiba ya kupeleka majibu kwa barua pepe ilifunguliwa baadaye, kwa ajili ya mitihani iliyobaki.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, nchi ya Misri iliwagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu kompyuta za mkononi ili wafanyie mitihani. Mwezi Machi 2019 mfumo ulizidiwa katika majaribio, na mwezi Mei 2019 wanafunzi waliandamana wakilalamika.

Mambo haya yanatuhusu sana. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulikadiria kwamba mwaka 2024 waliotumia intaneti barani Afrika walikuwa asilimia 38 ya watu, ilhali Ulaya walikuwa asilimia 91. Mwanafunzi wa mjini mwenye umeme wa uhakika na mwanafunzi wa kijijini anayepanda kilima kutafuta mawimbi ya simu hawajaketi katika chumba kimoja cha mtihani, hata kama maswali yao ni mamoja.

5. Dalili si ushahidi

Programu za upelelezi hutazama macho ya mtahiniwa, sauti za chumbani, na kumbukumbu za kompyuta, kisha huweka alama ya shaka penye jambo lisilo la kawaida. Mtoto akilia chumba cha pili, alama huwekwa. Mtahiniwa akitazama juu akifikiri, alama yaweza kuwekwa. Kosa linatokea pale wakubwa wa chuo wanapoipokea alama ya shaka kana kwamba ni hukumu.

Mwaka 2021 shule ya udaktari ya Dartmouth, Marekani, iliwashtaki wanafunzi 17 kwa udanganyifu. Msingi wa mashtaka ulikuwa kumbukumbu za mfumo wa masomo, zilizoonyesha kwamba kurasa za somo zilifunguliwa wakati wa mtihani. Baadhi ya washtakiwa walisema walipewa chini ya saa 48 za kujitetea. Baadaye ilidhihirika kwamba simu au kompyuta iliyoachwa wazi nyumbani yaweza kuzifungua kurasa hizo yenyewe, bila mtu kuigusa. Mwezi Juni 2021 mashtaka yote yalikuwa yamefutwa, na mkuu wa shule akaomba radhi. Lakini kwa miezi kadhaa vijana wale walikuwa wameitwa wadanganyifu.

Hatari hii haiwagusi wote sawasawa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara inayobainisha jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vigunduzi saba vinavyodai kutambua maandishi yaliyotungwa na akili bandia. Walivipa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, vigunduzi vilidai kwamba asilimia 61.3 ya insha hizo ziliandikwa na mashine. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa kigunduzi chake yenyewe kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Wanafunzi wetu wengi huandika insha zao kwa Kiingereza walichojifunza shuleni. Basi tunayo sababu ya kujihadhari.

Kuna pia suala la faragha. Mwezi Agosti 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Ohio aliamua kwamba chuo kikuu cha umma cha Cleveland kilivunja haki ya kikatiba ya mwanafunzi kilipomtaka aonyeshe chumba chake cha kulala kwa kamera kabla ya mtihani. Kwetu, Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Shule inayotunza picha za nyuso na vyumba vya wanafunzi haina budi kuzifuata.

6. Mashauri kwa shule na vyuo vyetu

Kutokana na hayo tuliyoyaona, mashauri yafuatayo yaweza kuwafaa wanaosimamia mitihani.

(a) Watahiniwa wakusanywe mahali pamoja kila inapowezekana, hata kama mtihani ni wa kompyuta. Wanaosoma kwa masafa waweza kufanyia katika shule iliyo karibu, chini ya msimamizi anayeaminika.

(b) Maswali yatungwe kwa namna inayomtaka mwanafunzi afikiri juu ya jambo mahususi. Swali la kukariri hujibiwa na yeyote mwenye simu.

(c) Kazi muhimu ya nyumbani ifuatwe na mahojiano mafupi ya ana kwa ana. Dakika kumi za kumwuliza mwanafunzi juu ya insha yake hufunua zaidi kuliko kigunduzi chochote.

(d) Yafanyike majaribio ya vifaa siku chache kabla, na karatasi ziwepo tayari kama akiba umeme au intaneti ikikatika. Utaratibu huo utangazwe mapema, usibuniwe siku ya ajali.

(e) Mwenye ulemavu aandaliwe mahitaji yake kabla ya siku ya mtihani, yakiwamo muda wa nyongeza na maandishi makubwa.

(f) Hakuna atakayeadhibiwa kwa alama ya kompyuta peke yake. Mtuhumiwa aonyeshwe kinachodaiwa, apewe muda wa kutosha kujibu, asikilizwe na watu wasiokuwa washitaki wake, na awe na njia ya kukata rufaa.

7. Hitimisho

Wako watakaosema kwamba utaratibu huu utawaachia wadanganyifu wachache wapite. Huenda ikawa hivyo. Lakini mdanganyifu aliyepita mara moja atapimwa tena, na mtihani wa mwakani waweza kutungwa vizuri zaidi. Kijana aliyefukuzwa kwa kosa asilolifanya hana mwakani. Jina lake limekwisha kuharibika kwa wazazi wake, kwa usharika wake, na kwa kila chuo atakachoomba nafasi.

Kwa hiyo, bodi ya shule inapoletewa programu mpya ya mitihani na kuambiwa kwamba itakomesha udanganyifu, wajumbe wasiulize tu itawakamata wangapi. Waulize pia itakuwaje siku itakapomkamata asiye na hatia, nani atamsikiliza, na kwa muda gani. Shule isiyo na jibu la maswali hayo haijawa tayari kuitumia programu hiyo.